Misikiti na Makaburi ya Kale ni Amana ya Familia Zetu



Juma hili tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo tunalolipita kila siku bila ya kulitazama. Katika likizo iliyopita tuliwachukua watoto wa chuoni, wavulana kwa wasichana, tukaenda nao Gede. Si safari ndefu. Kutoka Malindi ni kama kilomita 16 kwa barabara ya Mombasa. Hata hivyo, tulipowauliza watoto ndani ya gari ni nani kati yao aliyewahi kufika, waliinua mikono wawili tu, nao walikuwa wamepelekwa na shule. Hakuna aliyekuwa amepelekwa na mzazi wake.

Walipoingia ndani ya kuta walikwenda mbio kama waendavyo watoto, wakipanda mawe na kuitana. Tulipofika kwenye Msikiti Mkuu wakaingia vivyo hivyo na viatu vyao. Binti mmoja wa miaka tisa akasimama penye mlango. Aliitazama mihirabu iliyo mbele yake, akatazama jua lilipo, kisha akauliza: "Maalim, kule si ndiko tunakoelekea sisi tukisali?" Akajibiwa kwamba ndiko. Basi akavua viatu vyake akavishika mkononi. Hakuamrishwa na mtu. Wenzake walipomwona wakatoka nje mmoja mmoja, wakavua, wakarudi kwa utaratibu.

Pwani yetu huelekea kaskazini katika sala, na mihirabu ya Gede imeelekea huko huko. Jambo hilo moja liliwafahamisha watoto yale ambayo maelezo yetu marefu hayakuweza kuwafahamisha. Waliojenga kuta zile hawakuwa majini wa hadithi za usiku, wala hawakuwa "watu wa kale" wasiotuhusu. Walikuwa Waislamu waliosikia adhana, wakateka maji kisimani, wakatawadha penye birika, wakasimama safu. Walipofariki dunia walizikwa karibu na msikiti wao. Kaburi moja kati ya hayo limechongwa mwaka wake: 802 Hijria, sawa na mwaka 1399 Miladia. Kwa hesabu hiyo, maiti aliyemo amelala pale kwa zaidi ya miaka 600.

Tuwaeleze kwa ufupi wale ambao hawajafika. Gede ulikuwa mji wenye kuta mbili, moja ya nje na moja ya ndani, na ndani yake mna misikiti, jumba la mtawala, visima na nyumba za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa. Wakazi wake waliuhama mapema katika karne ya 17, na msitu ukaufunika. Mwaka 1927 serikali ya wakati ule iliutangaza kuwa mahali pa kihistoria, na kuanzia mwaka 1948 mtaalamu James Kirkman aliuchimba kwa muda wa miaka kumi. Nyumba nyingine zilipewa majina kwa vitu vilivyopatikana ndani yake: iko Nyumba ya Mkasi, iko Nyumba ya Taa ya Chuma, iko Nyumba ya Fedha za China. Mama msomaji, utaona kwamba hivi ni vitu vya nyumbani. Mkasi ulishikwa na mtu aliyekata nguo, na taa iliwashwa na mtu aliyekuwa akingojea mwenzake arudi. Historia ya mji ule imehifadhika katika vyombo vya jikoni na shanga za shingoni zaidi kuliko katika panga.

Mwezi wa Julai mwaka 2024, katika mkutano uliofanyika New Delhi nchini India, Gede uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kabla yake pwani ya Kenya ilikuwa imekwisha kupata heshima hiyo kwa Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, misitu mitakatifu ya makaya ya Mijikenda mwaka 2008, na Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 2011. Alhamdulillah, ni jambo la kushukuriwa. Lakini tusijidanganye kwamba kazi imekwisha. Dunia imekiri kwamba Gede ni urithi wake, na watoto wetu wenyewe hawajui kwamba ni wao.

Tena Gede hauko peke yake. Anayevuka daraja la Kilifi, akitazama upande wa kusini wa hori, yuko karibu na Mnarani, ambako kuna misikiti ya kale juu ya jabali, maandishi yaliyochongwa katika mawe ya mihirabu, na makaburi yenye nguzo iliyoupa mtaa jina lake. Anayefika Mtwapa yuko karibu na Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 wenye misikiti minne, mmoja wao ukiwa kando ya bahari kabisa. Wataalamu waliouchunguza msikiti huo wameona dalili za chumba cha pembeni ambacho huenda kilitengwa kwa ajili ya wanawake. Dada zetu wanaoambiwa kwamba mwanamke hakuwahi kuwa na nafasi katika misikiti ya pwani hii wana haki ya kwenda kulitazama jambo hilo kwa macho yao. Karibu na msikiti huo kuna kaburi lililochongwa aya ya 185 ya Suratu Aal Imran, ile inayotukumbusha kwamba hakuna nafsi itakayoepukana na mauti. Aliyeiagiza aya ile ichongwe alitaka sisi tuisome. Ametusubiri muda mrefu.

Upande wa kaskazini, Mambrui, kuna kaburi la nguzo lililopambwa kwa sahani na bakuli za China zilizogandishwa katika chokaa. Mwaka 2010 watafiti wa Kenya na wa China walipochimba huko walipata sarafu ya shaba ya zama za mfalme Yongle, yule yule ambaye watu wa Malindi walimpelekea twiga mwaka 1415. Takaungu nako kuna makaburi na misikiti ya ukoo wa Mazrui, waliohamia huko baada ya kutolewa Mombasa mwaka 1837.

Na hapa Malindi penyewe, karibu na Msikiti wa Ijumaa ulio ufukweni, yamesimama makaburi mawili ya kale ya nguzo. Ukimwuliza kijana wa mjini mnara wa Vasco da Gama uko wapi, atakuonyesha kwa kidole bila ya kufikiri. Nahodha yule wa Kireno alifika mwaka 1498, akakaa siku chache, akaenda zake. Ukimwuliza kijana huyo huyo juu ya makaburi yaliyo karibu na msikiti anaosali kila Ijumaa, atakwambia ni "ya zamani". Hatumlaumu. Tunajilaumu sisi wazazi, kwa kuwa mgeni tumemfahamu na mwenyeji tumemsahau.

Wako watakaosema: hayo ni mawe tu, yana faida gani kwa mtu anayetafuta unga wa leo? Tunawajibu kwa jambo tulilolishuhudia wenyewe.

Tulialikwa katika kijiji kimoja cha pwani hii, ambacho hatutakitaja kwa kuwa shauri lake halijamalizika. Kiwanja kilicho karibu na bahari kilikuwa kinapimwa ili kiuzwe. Ndani ya kichaka chake mlikuwa na makaburi ya mawe, mengine yamesimama, mengine yameanguka. Waliokuja kupima wakauliza swali la haki: haya ni makaburi ya nani? Wazee waliokuwapo walijua kwamba ni ya wahenga wao, lakini hapana aliyeweza kutaja jina hata moja. Mpimaji akaandika katika karatasi yake kwamba kiwanja ni kitupu isipokuwa magofu.

Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba yuko bibi, umri wake umepita miaka themanini, aliyezaliwa katika nyumba ya jirani na kiwanja hicho. Aliletwa kwa pikipiki, amejifunga leso zake mbili, ana mkongojo mkononi. Akauelekeza mkongojo kwenye kaburi la kwanza akataja jina la aliyezikwa, na la babake, na la mjukuu wake aliye hai mpaka leo. Akaenda la pili, na la tatu. Mahali pasipokuwa na alama yoyote alisimama akasema hapa wamelala watoto wawili wa nyumba moja, walikufa kwa ndui juma moja. Alijua kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa akifuatana na nyanyake kila mwezi wa Shaabani kuja kupafagia.

Upimaji ulisimamishwa siku ile, na ile karatasi ikaandikwa upya. Nasi tulikaa na yule bibi barazani tukayaandika majina kumi na moja katika daftari la shule. Tulipomaliza tulimwuliza: "Bibi, nani mwingine katika nyumba hii anayeyajua majina haya?" Akasema: "Mwanangu, hakuna aliyepata kuniuliza."

Hilo ndilo jambo letu la leo. Ukuta wa matumbawe huangushwa na mvua, na mizizi ya miti, na chumvi ya bahari. Lakini mahali pa kale pa pwani yetu mara nyingi hupotea kabla ya ukuta kuanguka, siku anapofariki mtu wa mwisho anayejua ni pa nani. Baada ya hapo panabaki kiwanja kilicho karibu na bahari, na kiwanja kama hicho hakikosi mnunuzi.

Ni kweli kwamba sheria ipo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inawapa Makumbusho ya Taifa ya Kenya uwezo wa kulinda mahali kama hapa, na inamtaka yeyote aliyegundua mahali au kitu cha kale atoe taarifa kwao ndani ya siku saba, aeleze pale mahali hasa na namna alivyopagundua. Kuvunja au kuharibu mahali palipotangazwa ni kosa. Lakini Makumbusho hawawezi kulinda wasichoambiwa. Katika Gede na Mnarani na Jumba kuna walinzi na vibao. Katika vichaka vya kandokando ya hori zetu hakuna mlinzi ila jirani.

Yako pia masuala mawili ambayo tungependa kuyagusa kwa adabu, kwa kuwa yanazungumzwa sana mabarazani.

La kwanza ni la wale ndugu zetu wanaosema kwamba makaburi yaliyojengewa hayastahili kuhifadhiwa, wakichelea watu wasije wakayaomba badala ya kumwomba Mwenyezi Mungu. Hofu hiyo tunaiheshimu, na hukumu ya kujenga juu ya makaburi mapya tunawaachia masheikh wetu. Lakini kuhifadhi si kuabudu. Mtume wetu Muhammad, swalla Allahu alayhi wasallam, ametuhimiza kuyazuru makaburi kwa kuwa yanatukumbusha akhera, na amekataza kuyakalia. Hapana sheikh tunayemjua, hata awe mkali namna gani katika suala hili, atakayeruhusu mifupa ya Mwislamu ifukuliwe ili pawekwe msingi wa nyumba ya kulala wageni. Heshima ya maiti haiishi kwa kupita miaka 100, wala 600.

La pili linahusu misikiti iliyo hai, ile tunayosali ndani yake leo. Kamati nyingi zimejaliwa kupata wafadhili, na jambo la kwanza linalofanyika ni kuuvunja msikiti wa kale na kusimamisha mwingine wa saruji na vigae. Tunafahamu sababu: jamaa wameongezeka, paa linavuja, wanawake hawana pa kusali. Hizo ni haja za kweli. Lakini tumeona mihirabu ya matumbawe, iliyochongwa kwa mikono ya mafundi ambao ufundi wao umekwisha, ikivunjwa kwa nyundo asubuhi moja na mawe yake yakajazwa chini ya msingi mpya. Pangekuwa na ubaya gani kuiacha mihirabu ile mahali pake na kuupanua msikiti nyuma na ubavuni? Tunawaomba wanakamati, kabla ya kumruhusu fundi kuanza, wawaite watu wa Makumbusho watazame, na wawaulize Tume ya Wakfu iwapo mahali hapo ni wakfu. Ushauri huo haumzuii mfadhili kupata thawabu zake.

Twaweza pia kujifunza kutoka kwa majirani zetu. Makaya ya Mijikenda, ambayo baadhi yake yamo humu humu katika Kaunti ya Kilifi, yalihifadhika kwa mamia ya miaka pasipo ua wa waya. Yalilindwa na miiko: usikate mti huu, usipite njia ile, usiingie bila ya idhini ya wazee. Imani yetu si ile, lakini akili ya jambo hilo tunaiona. Heshima ilipopungua, wezi waliingia wakang'oa vigango, ile miti ya kumbukumbu iliyochongwa kwa ajili ya marehemu wa Kigiriama, wakaiuza kwa wafanyabiashara, na mingi ikaishia katika nyumba za watu na makumbusho ya Marekani. Baadhi imerudishwa baada ya miaka mingi ya madai. Kila kigango kilichorudi kilirudi kwa sababu palikuwa na watu waliokumbuka kwamba ni chao.

Basi tufanye nini? Hatukusudii kumpa mtu mzigo asioweza kuubeba. Yaliyo hapa yanawezekana katika nyumba yoyote.

Kwanza, mwulize mkubwa wa nyumba yako. Jioni moja, baada ya Isha, kaa na nyanya au babu, uwe na daftari. Uliza tumezikwa wapi, nani yuko karibu na nani, msikiti wetu wa zamani ulikuwa wapi, kisima kiliitwaje. Andika majina kamili na jina la mahali. Usingoje mpaka awe mgonjwa. Akina dada, kazi hii ni yenu zaidi, kwa kuwa aghalabu bibi zetu ndio wanaoyajua haya, na binti hukaa nao karibu kuliko mvulana.

Pili, wapelekeni watoto. Badala ya kila sikukuu kuishia penye bembea, ifanyeni moja iwe ya Gede, au Mnarani, au Jumba. Wafundisheni adabu kabla ya kuingia: wasipande juu ya kuta, wasichore majina yao, wasiokote hata kigae kimoja, wasikalie makaburi. Wafundisheni kutoa salamu kwa waliolala hapo kama tunavyowasalimu maiti wetu wengine. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tatu, tusinunue wala kuuza mawe na vitu vya kale. Bakuli lililobanduliwa katika kaburi halina tofauti na sanda iliyoibwa.

Nne, tukiona ufa, au kichaka kinafyekwa penye makaburi, tutoe habari mapema kwa ofisi ya Makumbusho iliyo karibu, na tumwarifu imamu na mzee wa mtaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kuta hizi msemo huo hautoshi, maana ukianguka huu hatuna fundi wa kuujenga tena.

Yule binti aliyevua viatu alituuliza swali jingine tulipokuwa tukirudi garini. Alitaka kujua kama sala iliyosaliwa pale zamani bado inahesabiwa, ilhali msikiti hauna paa. Maalim wake akamwambia kwamba amali haipotei kwa Mwenyezi Mungu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atamwomba mamake waje pamoja, kwa kuwa mamake naye hajafika.

Mama huyo tunamjua, ni msomaji wetu. Tunataraji atakuwa ameombwa, na kwamba amekubali.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, atuwezeshe kuitunza amana waliyotuachia, na awajaalie watoto wetu wawe wenye kuijua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.